Gharama Isiyoonekana ya Chakula cha Haraka: Mafunzo kutoka Tarime na Serengeti

Mwaka 1985 ukame uliikumba Wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo lililokuja kuwa Wilaya ya Rorya mwaka 2007. Mahindi na ulezi vilinyauka mashambani, na kaya nyingi zikabaki zikitegemea muhogo, hasa ule mchungu ambao hustahimili jua kali. Muhogo wa aina hiyo hauliwi hivi hivi. Sharti umenywe, uvundikwe au ulowekwe, kisha uanikwe juani mpaka ukauke kabisa, ndipo usagwe kuwa unga. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na penye njaa siku nyingi hazipatikani. Muhogo ukaliwa kabla haujatayarishwa vya kutosha. Haukupita muda mrefu, baadhi ya watu wakapatwa ghafla na ugonjwa wa kukakamaa miguu, ambao kwa kawaida huwapata zaidi watoto na wanawake. Aliyeupata hakupona tena kabisa.

Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako madaktari waliueleza katika miaka ya 1930. Uchunguzi wa Tarime ulifanywa na kundi la wataalamu ambamo walikuwamo William Howlett, Hans Rosling, na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1990. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo huzaa sianidi. Kuvundika na kuanika huiondoa sianidi hiyo. Kiasi kidogo kinachobaki huondolewa na mwili wenyewe kwa kutumia salfa inayotokana na protini. Lakini mtu ambaye kwa majuma kadhaa amekula muhogo usiotayarishwa vyema, tena bila maharage, maziwa wala nyama, hana salfa ya kutosha, na sumu huziharibu neva zinazoongoza miguu.

Mkasa huo wafaa kukumbukwa leo kwa sababu unafundisha jambo ambalo si la muhogo peke yake. Muda unaopunguzwa katika utayarishaji wa chakula mara nyingi hulipwa na mwili wa mlaji. Tarime na Serengeti za leo zina haraka ya namna nyingine, isiyotokana na ukame bali na barabara, biashara, migodi na miji inayokua. Haraka hiyo haimlemazi mtu kwa siku moja. Gharama yake hujilimbikiza kwa miaka, na kwa sababu hiyo watu wengi huiona pale tu inapokuwa imekwisha kuwa kubwa.

KUTOKA CHUNGU HADI KARAI

Kwa vizazi vingi mlo wa Wakurya, na wa majirani zao Waikoma, Wanata na Wangoreme, ulijengwa juu ya vyakula vichache vilivyojulikana vyema: ugali wa ulezi, mtama au udaga wa muhogo, maharage na kunde, mboga za majani kama mnavu na mgagani, na maziwa, aghalabu yaliyogandishwa. Nyama ililiwa kwa nafasi yake. Chakula hicho kilichukua muda mrefu kukitayarisha, na mlaji wake alikuwa mtu wa jembe na wa kuchunga, mwenye kutembea masafa marefu kila siku.

Mlo huo haukutoweka. Lakini pembeni yake umekuja mwingine. Barabara itokayo Musoma kupitia Tarime mpaka Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, hupitisha abiria na mizigo mchana na usiku. Huko Nyamongo, karibu na Mto Mara, mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kuzunguka mgodi watu wengi huishi kwa kununua chakula badala ya kukilima. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hupokea watumishi, wafanyabiashara na wageni wanaokwenda hifadhini. Kila penye kituo cha mabasi, kijiwe cha bodaboda au lango la shule ya sekondari, hapakosekani banda lenye kabati la vioo na karai la mafuta.

Vyakula vya mabanda hayo vinafahamika kote nchini: chipsi kavu, chipsi mayai ambazo vijana huziita zege, kuku wa kukaanga, soseji, sambusa, maandazi, na chupa ya soda ya kuteremshia. Dukani kuna biskuti, vibanzi vikavu vya viazi vilivyofungwa kwenye pakiti, na vinywaji vinavyouzwa kwa jina la kuongeza nguvu. Makala haya yanaviita vyote hivyo chakula cha haraka: chakula kilichokwisha kutayarishwa au kinachotayarishwa kwa dakika chache, chenye mafuta, chumvi, sukari au unga uliokobolewa kwa wingi, na chenye mboga na nafaka kamili kwa uchache.

Haitakuwa haki kumlaumu mnunuzi. Dereva wa bodaboda aliyetoka nyumbani alfajiri hana wakati wa kungoja maharage yaive. Mkaa na kuni vina bei yake. Mwanafunzi aliyepanga chumba mbali na wazazi anaona kwamba sahani ya chipsi humpunguzia kazi ya kuwasha jiko, kupika na kuosha vyombo. Wala si haki kumlaumu muuzaji, ambaye kwa karai hilo huwasomesha watoto wake. Swali la kisayansi ni jingine: fedha anayoitoa mlaji ndiyo gharama yote ya chakula hicho?

YATENDEKAYO NDANI YA KARAI

Kiazi mviringo kikichemshwa ni chakula chema. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hutoa takriban kilokalori 85, na karibu hazina mafuta kabisa. Kiazi hicho hicho kikikatwa vipande na kutiwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 190 za Sentigredi, maji yaliyomo hugeuka kuwa mvuke na kutoka kwa kishindo. Hao ndio mapovu na sauti zinazosikika karaini. Maji yakiisha kutoka, mafuta huingia mahali pake. Gramu 100 za chipsi huwa na kilokalori zipatazo 300 na mafuta ya gramu 15 au zaidi. Sahani ya chipsi mayai kwa urahisi huzidi kilokalori 700. Ikiongezwa soda, hiyo ni zaidi ya theluthi ya nishati inayohitajiwa na mtu mzima wa kawaida kwa siku nzima, nayo huliwa kwa robo saa.

Mafuta nayo hayabaki kama yalivyokuwa. Mambo matatu huyapata. Kwanza, maji yatokayo katika chakula huzivunja molekuli za mafuta na kuachia asidi huru, ndiyo maana mafuta yaliyotumika sana hutoa moshi mapema. Pili, oksijeni ya hewani hushambulia asidi za mafuta, na mwisho wake hutokea kemikali ziitwazo aldehaidi, zenye harufu kali na zinazodhuru chembe hai. Tatu, molekuli zilizovunjika huungana na kufanya minyororo mirefu. Mafuta huwa mazito, meusi na yenye povu lisilokufa upesi. Katika nchi nyingi sheria huamuru mafuta yamwagwe mara mabaki ya namna hiyo yafikapo kiasi cha robo ya mafuta yote. Katika mabanda mengi ya njiani mafuta hayamwagwi kamwe. Hupunguka yenyewe, kisha huongezewa mapya juu ya yale ya zamani. Mafuta mapya hayo huharibika upesi zaidi, kwa kuwa ya zamani hufanya kazi kama chachu ya uharibifu.

Aina ya mafuta pia ina maana. Mafuta ya mawese, ambayo huingizwa kwa wingi kutoka Malaysia na Indonesia, hustahimili joto, lakini karibu nusu yake ni mafuta mgando, ambayo yakizidi mlo hupandisha lehemu katika damu. Mafuta ya alizeti yana mafuta mgando machache, na kwa kupikia mboga ni bora, ila yakichemshwa tena na tena huoksidika haraka. Yako pia mafuta yaliyogandishwa viwandani kwa kuongezewa hidrojeni, ambayo katika baadhi ya nchi hutumika katika siagi za bandia na biskuti. Hayo ni mabaya kupita yote kwa moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika chakula.

Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza jambo jingine. Vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa katika joto linalozidi nyuzi 120, hutokea kemikali iitwayo akrilamaidi, kutokana na kuungana kwa sukari na asidi amino iitwayo asparajini. Kemikali hiyo husababisha saratani katika wanyama wa maabara. Kwa binadamu ushahidi bado haujawa thabiti. Iliyo wazi ni kwamba chipsi zilizokaangwa mpaka zikawa za kahawia nyeusi huwa na akrilamaidi nyingi kuliko zile zilizotolewa zikiwa na rangi ya dhahabu.

CHUMVI, SUKARI NA MAKAPI YALIYOPOTEA

Chumvi ina sodiamu. Sodiamu ikizidi katika damu, maji huvutwa kuifuata, ujazo wa damu huongezeka na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Figo hujitahidi kuitoa ziada, lakini zikitwishwa mzigo huo kila siku kwa miaka, shinikizo hubaki juu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Soseji, vibanzi vya pakiti, viungo vya vidonge na chumvi inayonyunyizwa juu ya chipsi hukimaliza kijiko hicho kabla ya jua kuchwa.

Ushahidi mmoja mzito juu ya jambo hili ulipatikana karibu sana na Tarime. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza na Kenya waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Vijijini shinikizo la damu lilikuwa la chini. Kwa wahamiaji lilipanda katika muda wa miezi tu baada ya kufika mjini. Vipimo vya mkojo vilionyesha kwamba sodiamu ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika mboga, matunda na viazi vya kuchemsha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1990. Watu hao hawakubadilisha damu ya ukoo wao walipopanda basi. Kilichobadilika ni maisha yao, na chakula kikiwa sehemu kubwa ya maisha hayo.

Sukari ina njia yake. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko sita au zaidi vya chai. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chupa moja hukivuka kiwango hicho bora. Sukari ya soda huingia katika damu upesi kwa kuwa haina cha kuizuia. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi ili kuiondoa damuni. Ziada hupelekwa ini, ambako hugeuzwa kuwa mafuta. Hali hiyo ikirudiwa mara nyingi, hasa kwa mtu anayenenepa, misuli na ini huacha kuitii insulini kama inavyopasa. Huo ndio mwanzo wa kisukari cha ukubwani.

Jambo la tatu si lile lililomo katika chakula, bali lile lisilokuwamo. Makapi-mlo ni sehemu ya mmea ambayo haimeng'enywi na vimeng'enya vya binadamu. Zamani yalidhaniwa kuwa takataka tu. Waliosaidia kubadili mawazo hayo ni madaktari waliofanya kazi Afrika Mashariki. Hugh Trowell alitibu Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, na mwaka 1956 aliripoti kisa cha ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa Mwafrika, jambo ambalo wakati huo lilikuwa adimu kiasi cha kustahili kuandikwa katika jarida la udaktari. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, alishangazwa na uchache wa magonjwa ya utumbo mpana aliyoyaona kwa wingi Uingereza. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu wakieleza kwamba kukoboa nafaka na kuondoa makapi ni chanzo kimojawapo cha magonjwa hayo. Si kila neno lao limesimama, lakini kiini chake kimethibitishwa: makapi-mlo hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni, husaidia kushusha lehemu, na hulisha bakteria wema wa utumbo, ambao nao hutoa kemikali zinazoulinda ukuta wa utumbo.

Hapa ndipo ulezi wa Tarime unapoonyesha thamani yake. Huliwa pamoja na ganda lake, kwa hiyo makapi yake hayapotei. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu ya takriban miligramu 340, karibu mara tatu ya ile iliyomo katika gramu 100 za maziwa ya ng'ombe. Ni kweli kwamba sehemu ya kalsiamu hiyo hushikwa na kemikali ziitwazo faiteti, zikaifanya isifyonzwe. Lakini unga ukichachushwa kabla ya kupikwa uji, kama wazee walivyofanya, faiteti hupungua. Desturi iliyoonekana kuwa ni kupoteza muda ilikuwa na kemia ndani yake.

VIPIMO VYA JANA NA VYA BAADAYE

Mkoa wa Mara una bahati ya kuwa na vipimo vya zamani. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Donald McLarty pamoja na madaktari Andrew Swai na Henry Kitange, walipima afya ya maelfu ya watu wazima vijijini katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Matokeo kuhusu kisukari cha vijijini yalichapishwa mwaka 1989: chini ya mtu mmoja katika kila 100 alikuwa nacho. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba lehemu katika damu nayo ilikuwa ya chini, na kwamba vihatarishi vya ugonjwa wa moyo vilikuwa vichache.

Mwaka 2012 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Watu 9 hivi katika kila 100 walikuwa na sukari iliyozidi katika damu. Kiasi cha robo walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kiasi cha robo walikuwa na uzito uliozidi. Mwanafunzi makini atauliza kama chunguzi hizo mbili zaweza kulinganishwa moja kwa moja. Haziwezi. Umri wa waliopimwa ulitofautiana, mbinu zilitofautiana, na uchunguzi wa mwaka 2012 ulihusisha pia miji. Tena chakula si sababu pekee, kwa kuwa kazi za kukaa, tumbaku na pombe zimo. Hata hivyo mwelekeo uko wazi, na unakubaliana na yale yaliyoonekana kwa wahamiaji wa Nairobi.

Mwisho wa mwelekeo huo mara nyingi ni kiharusi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 108 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa nao wapatao 316. Shinikizo la damu lisilotibiwa lilitajwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa.

JARIBIO LA KILIMANJARO

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni ya miaka mingi, na kwamba kijana wa kidato cha tatu ana wakati wa kutosha wa kujirekebisha. Jaribio lililofanyika Kilimanjaro, ambalo lilichapishwa mwaka 2025, linaonya dhidi ya wazo hilo. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Baadhi yao, waliozoea mlo wa asili wa kijijini, waliwekwa kwenye mlo wa kizungu wa vyakula vilivyosindikwa na kukaangwa kwa wiki mbili. Wengine, waliozoea mlo wa kimjini, walirudishwa kwenye mlo wa asili wa mboga, kunde, ndizi na nafaka kamili kwa muda huo huo. Kundi la tatu lilipewa kwa wiki moja kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, yaani mbege.

Wiki mbili zilitosha. Kwa wale walioacha mlo wa asili, protini zinazoashiria uvimbe wa ndani ziliongezeka katika damu, na chembe za kinga zikawa goigoi zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa wale waliorudi kwenye mlo wa asili, dalili za uvimbe zilipungua. Kundi la kinywaji kilichochachushwa nalo lilionyesha nafuu, ingawa hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya pombe kwa wanafunzi. Baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana wiki nne baada ya jaribio kumalizika.

Waswahili husema: Mla mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo hufaa kwa mambo mengi, lakini mwili haukubaliani nayo. Mwili hutunza kumbukumbu ya kilicholiwa jana, na hata cha mwezi uliopita.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Lilihusu wanaume tu, tena vijana, katika mkoa mmoja, na kwa muda mfupi. Halikupima kama yeyote angeugua baadaye. Lakini linatoa matumaini pia, kwa sababu mabadiliko yalikwenda pande zote mbili. Mlo mwema nao haukuhitaji miaka ili uonyeshe faida.

NANI HULIPA?

Bei ya sahani hulipwa na mlaji peke yake. Gharama ya ugonjwa hulipwa na jamaa nzima. Kisukari na shinikizo la damu ni magonjwa ya maisha yote: dawa zake hununuliwa kila mwezi, na mgonjwa wa kijiji kilicho mbali na Mugumu au Tarime mjini hulipa nauli kila aendapo kupimwa. Figo zikishindwa kufanya kazi, matibabu ya kusafisha damu hayapatikani katika zahanati. Kiharusi kikimwangusha baba au mama wa miaka 45, ng'ombe huuzwa, na mara nyingine mtoto huacha shule ili amhudumie.

Mzigo huo unaongezeka juu ya ule wa zamani, ambao haujaisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na wakati huo huo wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Nyumba moja yaweza kuwa na hali zote mbili. Mtoto anayelishwa maandazi na chai ya rangi hushiba, lakini hapati protini, chuma wala vitamini za kumkuza. Shibe na lishe si kitu kimoja, kama Tarime ilivyojifunza mwaka 1985.

YANAYOWEZEKANA

Wala si lazima banda lifungwe. Muuzaji aweza kuchuja mafuta yake kila siku, kuyaweka mbali na mwanga, na kuyaacha kabisa yanapofanya povu zito au moshi kabla ya wakati. Vipande vya viazi vikilowekwa katika maji kwa nusu saa kisha vikakaushwa, sukari ya juu hupungua, na akrilamaidi nayo hupungua. Chumvi yaweza kuachwa itiwe na mlaji mwenyewe. Kachumbari yaweza kuwa nusu ya sahani badala ya kijiko kimoja. Muhogo na viazi vitamu vya kuchemsha, maharage, mahindi ya kuchoma na maziwa mgando ni vyakula vya haraka pia kwa mnunuzi, mradi awepo mtu wa kuviandaa na kuviuza.

Shule zina nafasi ya pekee. Kamati ya shule yaweza kukubaliana na wauzaji wa langoni juu ya vyakula vya kuuzwa wakati wa mapumziko. Uji wa ulezi uliochachushwa waweza kupikwa kwa sufuria kubwa. Nalo somo la Kemia au Baiolojia laweza kutoka ubaoni likaingia jikoni, kwa majaribio machache yasiyohitaji maabara kubwa:

1. Pima uzito wa vipande vya kiazi kibichi, kisha uzito wake baada ya kukaangwa na mtu mzima mwenye uzoefu. Bonyeza kipande kimoja juu ya karatasi nyeupe na kingine cha kuchemsha juu ya karatasi ya pili. Acha zikauke. Eleza kwa nini doa la kwanza halikauki.

2. Soma maandishi ya chupa ya soda na ukokotoe gramu za sukari katika chupa nzima. Gawa kwa 5 ili upate vijiko vya chai, uvimimine katika glasi na kuiweka mbele ya darasa.

3. Linganisha mafuta mapya na mafuta yaliyokwisha kutumika mara nyingi, yakiwa yamepoa kabisa, kwa rangi, harufu na wepesi wa kutiririka juu ya kioo kilichoinamishwa. Husisha kila tofauti na mojawapo ya mabadiliko matatu yaliyoelezwa hapo juu.

4. Kila mwanafunzi aandike kwa wiki moja kila alichokula na alichokunywa, bila kutaja jina lake. Darasa lijumlishe mara ngapi vilitokea vyakula vya kukaanga, soda, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, kisha lichore matokeo hayo kwa mchoro wa mihimili.

Jaribio la nne ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa litawapa wanafunzi wa Tarime na Serengeti takwimu zao wenyewe. Vipimo vya miaka ya 1980 viliukuta Mkoa wa Mara ukiwa na watu wachache mno wenye kisukari. Watu hao hawakuwa na hospitali nyingi wala dawa za kisasa; walikuwa na ulezi, kunde, mboga, maziwa, na miguu iliyotembea. Vingi vya vitu hivyo bado vipo sokoni Mugumu na Tarime. Wanafunzi wa leo, wakishajua jinsi gharama isiyoonekana inavyohesabiwa, watakuwa na uwezo wa kuamua ni vipi kati ya hivyo virudi katika sahani zao.